Tabora kwa Biskuti za Asali, Si Mchezo!

UKIMWAMBIA mtoto wa mjini kwamba likizo unakwenda kuila Tabora, atakutazama kama mtu aliyekosa nauli ya Zanzibar. Tabora? Kuna nini huko? Anachokijua yeye ni maembe, reli, na ile shule ya wavulana aliyosoma Mwalimu Nyerere. Basi msomaji wangu, wiki hii tulia hapo hapo kitini, nikupeleke Unyamwezini kwa njia ya tumbo. Mimi nimekwenda, nimekula, nimerudi na kilo mbili ambazo sikuondoka nazo.

Safari yenyewe siku hizi haitishi. Ile treni ya umeme ya SGR iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar na Dodoma mwaka 2024 inakutua Dodoma wakati hata gazeti hujalimaliza. Hapo unachukua basi: Manyoni, Itigi, halafu miti, miti na miti tena. Itigi uchungulie dirishani. Utaona chupa zimepangwa kando ya barabara, nyingine za rangi ya chai ya rangi, nyingine nyeusi kama oili chafu. Hiyo ni asali bwana, wala usidhani mtu kaanika mafuta ya pikipiki.

Tabora ni mji mkongwe. Wazungu wale Burton na Speke walipopita mwaka 1857 waliukuta unaitwa Kazeh, kituo cha misafara, umejaa Waarabu na Waswahili wa pwani. Reli ikafika 1912. Ndiyo maana hadi leo ukiingia mitaa ya Ng'ambo au Gongoni unakuta watu wanaandaa kahawa, visheti na kashata kana kwamba bahari iko nyuma ya nyumba. Wamekaa bara, mkono wa jikoni ni wa pwani. Hilo ndilo lililonipeleka hasa, maana shangazi yangu anaishi huko, na bintiye, ambaye ni dada yangu, ana biskuti zinazozungumzwa mtaa mzima.

"Mwangaluka," nikamsalimu shangazi asubuhi ile nilipofika, nikijidai kujua Kinyamwezi. Akacheka mpaka akashika nguzo. "Marahaba mwanangu, ingia ndani, Kinyamwezi chako kiache hapo nje na viatu."

Sasa twende jikoni. Dada hana oveni. Ana jiko la mkaa, sufuria kubwa lililokwishazeeka, na mchanga. Mchanga unatandazwa chini ya sufuria, unapashwa moto mpaka ukinyunyizia tone la maji linaruka. Biskuti zinapangwa kwenye sinia dogo la bati, sinia linakalishwa juu ya mchanga, mfuniko unafunika, na juu ya mfuniko anapalia makaa. Moto juu, moto chini. Bibi zetu wamechomea keki hivyo miaka nenda rudi, na wewe uliyepanga chumba kimoja Sinza unaweza pia, usisingizie kukosa umeme.

Kwenye bakuli anatia unga wa ngano nusu kilo, sukari kikombe kimoja cha chai kisichojaa, kijiko kidogo cha beking pauda, chumvi ya kubana kwa vidole viwili na hiliki aliyoitwanga mwenyewe. Halafu siagi robo kilo. Naomba tuelewane hapa: siagi ya maziwa ya ng'ombe. Hii ya mafuta ya mimea tunayopaka mkate na kuiita siagi itakupa biskuti, sikatai, ila ule utamu wa maziwa unaokaa nyuma ya ulimi hutaupata. Siagi iwe ngumu kidogo, unaifikicha na unga kwa ncha za vidole mpaka uwe kama chenga za mkate. Yai moja, unakusanya donge, basi. Usikande kama chapati! Ukikanda sana biskuti inakuwa ngumu, utaitafuna mpaka ukumbuke madeni.

Anasukuma unene wa kidole kidogo, anakata kwa mdomo wa glasi. Dakika kumi na tano hivi kwenye mchanga, zikianza kupata rangi pembeni zinatoka.

Asali bado. Mimi nilidhani inakandiwa humo humo kwenye unga, nikauliza. Dada akanieleza bila kuacha kazi. Asali inashika rangi haraka kuliko sukari. Ukiitia kwenye donge halafu ukapalia makaa juu, nje inababuka na ndani bado mbichi. Wenye oveni wanapunguza moto, lakini makaa utayapunguza vipi kwa vipimo? Kwa hiyo yeye anaipaka mwisho. Kijisufuria kidogo, siagi vijiko viwili vya chakula, asali vijiko vitatu, chumvi kiduchu. Inayeyuka kwa moto wa majivu, haichemki. Biskuti zikiwa bado za moto anazipitishia kwa brashi, mara moja, anazisubiri kidogo, anazipitishia tena. Zinang'aa hizo! Na harufu inatoka mpaka barabarani. Mwendesha bodaboda alipunguza mwendo nikamwona kwa macho yangu.

Ukionja ya kwanza unaelewa kwa nini Tabora. Asali ile si utamu mtupu. Ina uchungu mdogo wa moshi na kitu kama gome la mti. Huko nyuki wanakula maua ya miyombo, mitundu na ndugu zake, na wengi wa warina asali wa zamani bado wanatundika mizinga ya magogo juu mitini. Ipo pia asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma. Hiyo ni nyepesi, ina ukakasi, na bei yake kaa chini kwanza kabla hujauliza. Dada haitumii kwenye biskuti. "Hiyo ya wagonjwa na ya wenye pesa," anasema.

Kwa wale mnaoona asali imeganda mkakimbilia kusema imetiwa sukari: acheni hizo. Asali halisi huganda. Itumbukize chupa kwenye maji ya vuguvugu itarudi kama mwanzo. Na ule mtindo wa kuchovya kiberiti ndani ya asali halafu kuwasha hauthibitishi chochote, mjanja anaupita kila siku. Namna ya uhakika ni kumjua anayekuuzia. Jambo jingine, mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja usimlambishe asali hata kidogo, iwe safi vipi. Inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake changa haliviwezi.

Anayemuuzia dada ni mzee mmoja mrina asali, wote wanamwita Babu. Alikuja jioni ya siku ya tatu, baiskeli yake ina mfuko wa moshi umefungwa nyuma kama mgeni rasmi. Mimi nikataka hadithi za kuumwa na nyuki, yeye akataka kuzungumza umbali. Zamani, anasema, alikuwa anatoka asubuhi na mchana yuko kwenye mizinga yake. Sasa analala njiani, upande wa Sikonge huko. Miti ya karibu imekwisha. Mingine imekuwa mkaa, mingine imeingia kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, maana tumbaku ya mkoa ule inakaushwa kwa kuni na kuni hazitoki mbinguni. Nikatazama lile jiko la dada, makaa juu na makaa chini, nikanyamaza. Dada aliniona. "Najua unachowaza," akasema. "Mkaa ninaotumia mimi ni kopo mbili kwa siku. Na hizo kopo mbili nazo zilikuwa mti." Babu akachukua biskuti ya tatu, hakusema kitu.

Hesabu ndiyo inamkaba dada. Asali inapanda, siagi ya kweli haijawahi kuwa rahisi, na mteja wa stendi anamwambia waziwazi kwamba kwa bei ya biskuti zake nne anapata pakiti nzima dukani. Kuna mwenye duka mmoja alimpa akili: unguza sukari, tia maji, tia limau, paka, nani atajua? Zinang'aa vile vile. Wengine mtaani wanafanya hivyo na wanauza. Shangazi naye, kwa siri, alikuwa upande wa mwenye duka, maana ada ya mjukuu ilikuwa inadaiwa. Walibishana mbele yangu usiku ule kwa adabu sana, na adabu ya namna hiyo inatisha kuliko kelele. "Mama, nikipaka sukari mimi nitakuwa na tofauti gani na pakiti?" Shangazi akajibu, "Tofauti ni kwamba ada itakuwa imelipwa." Mimi mgeni, nikajifanya natafuta chaja.

Siku mbili kabla sijaondoka akaja mama mmoja mwenye harusi. Alikuwa ameonja biskuti kwenye msiba, wapi sijui. Akataka mia tatu, na akaweka pesa nusu mezani palepale. Ada ikapatikana. Ila akasema neno moja akiwa mlangoni: ziwe zile zile, za asali ya kweli, mwanangu anaolewa mara moja. Dada akaenda kuinua ndoo ya asali, ikawa nyepesi. Babu ameshaingia porini, na porini simu haishiki.

Niliondoka kabla sijajua mwisho wake, na kopo la biskuti ishirini kwenye mapaja. Kufika Manyoni zilibaki tano, na abiria wa kiti cha pili alikuwa anaangalia dirishani kwa namna ya mtu asiyeangalia dirishani. Nikampa mbili.

Jumatatu dada akanipigia simu. Babu alirudi na ndoo moja, siyo mbili kama walivyopatana, maana mizinga kadhaa ameikuta mitupu. Harusi imepata biskuti zake mia tatu. Stendi hakutapelekwa kitu mpaka mwezi ujao, na wateja wamekwisha kuambiwa. Nikamuuliza, na yule mwenye duka kasemaje? Akacheka. Anasema kaja mwenyewe kuulizia kama zimebaki za harusi, za mke wake.