Mikia Matopeni

Treni ya umeme, ile iliyozinduliwa Agosti 2024, ikishatoka kwenye mahandaki ya Kilosa, ukijani unakonda. Vinafuata vichaka vya miiba, udongo mwekundu, majabali yaliyopandiana na mibuyu isiyo na jani hata moja, maana ni Septemba. Serikali iliamua kuhamia Dodoma mwaka 1973. Mimi nimechelewa hata kuliko yenyewe. Wanaopaita jangwa hawajawahi kushuka kwenye treni. Kuna zabibu zinazovunwa mara mbili kwa mwaka, kuna ugali wa uwele na mlenda, na kuna watu wanaokuamkia "Mbukwa!" hata begi hujalitua.

Riwaya yangu ya watoto ilizaliwa huku, msibani. Nilikuja kumzika rafiki yangu, mwalimu wa hesabu. Mwanawe wa miaka saba alikuwa ameambiwa baba amesafiri. Nami niliambiwa hivyo hivyo nikiwa na umri wake, nikawa kila jioni nakaa stendi kuhesabu abiria wanaoshuka.

Akaja mtani, Mhehe. Alivaa kofia ya marehemu, miwani ameiteremsha hadi ncha ya pua, akawa anapita kwa wafiwa akidai madaftari: "Nani hajamaliza kazi?" Kina mama waliokuwa wakilia wakaangua kicheko huku wanafuta machozi kwa pindo za khanga. Mtoto alimtazama weee, kisha akanyanyuka.

"Sivyo. Baba alikuwa anashika chaki kwa mkono wa kushoto."

Alikuwa. Hakuna mtu aliyemwambia.

Usiku, kwenye moto, mzee mmoja akatusimulia jina la Dodoma lilikotoka. Wako wanaosema ni tembo aliyekwenda kunywa maji akazama. Mzee aliipenda ya wizi, nami pia. Wagogo waliiba ng'ombe wa Wahehe, wakala nyama yote, mikia wakaichomeka matopeni. Wenye mali walipofika wakaonyeshwa: ng'ombe wenu hao, wamedidimia. Idodomya.

"Na deni bado tunalidai," akadakia mtani.

Mtoto, aliyedhaniwa amelala mapajani mwa bibi yake, akafumbua macho. "Sasa Wahehe hawakuivuta ile mikia waone?"

Watu wazima wote kimya. Nikatoa kalamu, na sura ya kwanza nikaianzia nyuma ya karatasi ya ratiba ya mazishi.