Martina Navratilova: alikimbia kwao, kwao wakamshangilia

Wasikilizaji wangu wakinipigia simu kuhusu michezo, ni kabumbu tu: Mazembe, Vita Club, Léopards. Juma hii naongea tenisi, juu mama mmoja aliyekimbia toka Masisi aliniuliza kama mtu akiondoka kwao, kule wanaendelea kumuhesabu kuwa mtoto wao.

Nikamuwaza Martina Navratilova. Alizaliwa Prague mwaka 1956, wakati ule ikiwa Chekoslovakia, inchi ya wakomunisti. Kucheza inje ya inchi kulihitaji ruhusa ya wakubwa. Mwaka 1975, akiwa na miaka 18, alipigwa na Chris Evert katika nusu fainali kule New York, kisha akaomba hifadhi Marekani. Wazazi na mdogo wake wa kike walibaki Chekoslovakia.

Mtu asifananishe kila kitu. Yeye alikimbia na raketi, na raketi ile ilimfungulia milango. Watu wetu wanakimbia na sufuria na watoto mgongoni. Lakini kuishi bila kujua utaona wazazi lini, hilo ni moja.

Mwaka 1978 alishinda Wimbledon, Uingereza, kwa mara ya kwanza, akimpiga Evert yuleyule. Wazazi hawakuwa uwanjani. Makaratasi ya uraia wa Marekani aliyapata mwaka 1981 tu.

Makombe yake wengine wanayahesabu: Wimbledon 9 akicheza peke yake, makubwa 18 kwa jumla, na 59 ukiongeza yale ya wawili wawili. Mimi nasimama kwenye mwezi wa saba 1986. Timu ya Marekani ilienda Prague kwa Kombe la Shirikisho, naye ndani. Miaka kumi na moja imepita! Wakubwa wa serkali hawakufurahia, lakini raia walimshangilia. Katika fainali alimpiga Hana Mandlíková, binti wa palepale, Marekani ikashinda 3-0. Wenyeji walipoteza kombe nyumbani kwao, na bado walimpigia makofi.

Aliendelea kucheza hadi 2006, akichukua kombe la wawili wawili New York pamoja na Bob Bryan, mwezi mmoja hivi kabla ya kutimiza miaka 50. (Mimi wa miaka thelathini na kitu, kupanda mlima na mikrofoni kunanitosha.)

Mwaka 2008 alipata tena uraia wa kwao, ambako sasa kunaitwa Jamuhuri ya Cheki. Ule wa Marekani hakuuacha.