Acheni Niteme Nyongo

Mpenzi msomaji, katika ukurasa huu nimezoea kukuletea mambo matamu: mahaba, mitoko, zawadi za kumnunulia umpendaye. Mwezi huu uniwie radhi. Mwenzako nimetoka kwenye wiki moja mbaya jamani, na nisipoisema nitapasuka. Vuta kiti, weka simu pembeni, unisikilize.

Tuanze na maji. Mtaani kwetu Tabata bomba lilikauka tangu Ijumaa, na hadi Jumatatu lilikuwa linatoa upepo tu. Saa kumi na moja alfajiri niko kwenye foleni ya madumu kwa jirani mwenye kisima, khanga nimejifunga juu ya nguo ya kulalia, na saa tatu nina kikao. Nikabeba madumu manne, nikamwogesha mtoto kwa kikombe, mimi nikajipangusa na kitambaa, nikatoka. Barabara ya Mandela nayo ikaamua kusimama. Nilifika kazini nimechelewa dakika 40. Bosi hakunifokea. Aliangalia saa yake, akaniangalia mimi, akaendelea na kikao. Bora angefoka!

Jumanne ikaja na kali yake. Jarida linakwenda kiwandani kuchapwa Alhamisi, na kava tulishamaliza: wapenzi wawili wazuri hao, wameshikana mikono ufukweni Coco, na chini yao tumeandika kwa herufi kubwa kuhusu siri ya penzi linalodumu. Saa nane mchana kaka akapiga simu.

"Dada, samahani sana. Ile picha naomba msiitumie."

"Kulikoni tena kaka yangu?"

"Tumeachana. Tangu Jumamosi."

Nilicheka. Siyo kwamba nilifurahi, ni kile kicheko cha mtu ambaye machozi yamegoma. Siku mbili kabla ya kuchapa, hatuna kava, hatuna stori kuu, na mpiga picha yuko Arusha kwenye harusi.

Jumatano ndiyo ilinimaliza. Dada wa kazi aliniamsha akiwa ameshafunga begi. "Mama, naomba nauli, bibi yangu anaumwa." Unamzuiaje mtu mwenye mgonjwa? Nikampa nauli ya Singida na mshahara wake, nikamtakia safari njema, kisha nikageuka na kumgusa mwanangu: anachemka kama chai. Bahati mdogo wangu anayesoma chuo hakuwa na vipindi, akaja mbio kunishikia. Tuko zahanati tunasubiri majibu, mara simu kutoka Morogoro. Mama amepimwa presha, imesoma 180 kwa 110. Na wakati bado naongea na Morogoro, simu inalia ting, ting, ting. Kundi la harusi ya wifi: "Ndugu mwanakamati, tunakukumbusha kwa upendo ahadi yako ya sh 200,000." Kwa upendo!

Sasa niulize, haya yote nilimwambia nani? Mume wangu. Kila jioni nikifika naanza hapo hapo mlangoni, kabla sijavua viatu. Naye hunisikiliza, huyu baba. Anapika chai, anaitikia "ee", "pole", "loo". Wiki hii nayo alisikiliza, ila zile "ee" zilikuwa zinatoka mbali.

Alhamisi tukapeleka jarida kiwandani. Tulitoka ofisini saa nne usiku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi tisa kwa siku na 45 kwa wiki. Mimi 45 zangu nilizimaliza siku hiyo, na Ijumaa bado inanisubiri. Nafika nyumbani, naona gari letu nje ya geti, taa zimezimwa. Nikadhani limeharibika. Kusogea, baba watoto yuko ndani, ameshika usukani kama mtu anayeendesha.

"Baba, vipi? Mbona huingii ndani?"

"Nakuja. Nilikuwa namalizia taarifa ya habari."

Redio ilikuwa imezimwa.

Nikafungua mlango wa upande wa pili, nikaketi. Tulikaa hivyo kitambo, mbu wanatufaidi. Ndipo akafungua kibweta cha gari, akatoa bahasha. Barua ya kazini kwake. Mkataba wake unaisha mwisho wa mwezi, na hawataongeza mwingine. Nikatazama tarehe. Jumatatu.

"Umekaa na hii siku nne?"

"Ningekwambia saa ngapi, mama? Jumatatu maji. Jumanne kava. Jana mtoto na Mama. Nikasema acha kwanza upumue."

Msomaji, nilikasirika. Nilimkasirikia yeye kwa kunificha, nikaikasirikia barua, nikalikasirikia hata lile gari. Kodi yetu ya nyumba inaisha baada ya miezi miwili na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Hili si jambo la kukaa nalo garini gizani! Lakini hasira ilipopungua nikabaki na swali moja ambalo hadi leo linanisumbua. Mimi nina yeye wa kumwambia. Nina saluni, nina mdogo wangu, nina wenzangu ofisini ambao tukikutana kwenye chai tunateta hadi vikombe vinapoa. Yeye ana nani?

Tangu mtoto wa kiume akiwa mdogo anaambiwa asilie. Akioa anaambiwa mwanaume ni kuvumilia. Kijiweni ataongea mpira wa Simba na Yanga saa tatu mfululizo, ya moyoni mwake hayatatoka. Na sisi wanawake usituonee wivu sana, maana nasi tulifundwa. Kwenye kitchen party yangu somo alikaza macho akasema ya chumbani yaishie chumbani. Sawa somo, nimesikia. Ila chumba kikijaa je?

Wataalamu wanasemaje?

Kabla hujakimbilia kusema "toa tu yote, utapona", ngoja kwanza. Mwaka 2002 mtafiti wa Marekani, Brad Bushman, alichapisha utafiti ambao wanafunzi wa chuo walikasirishwa makusudi, kisha baadhi wakapewa gunia la mabondia walipige huku wakimfikiria aliyewaudhi. Ungedhani wangetulia. Wapi! Walitoka na hasira zaidi kuliko wenzao waliokaa tu dakika chache bila kufanya kitu. Kumbe ukirudia kosa la mtu kichwani mwako huku unapiga, unauchochea moto.

Upande wa pili kuna James Pennebaker, naye wa Marekani. Mwaka 1986, yeye na mwenzake Sandra Beall waliwaomba wanafunzi waandike kwa dakika 15, siku nne mfululizo, kuhusu mambo mazito yaliyowahi kuwapata. Walipomaliza tu kuandika, walioandika tukio pamoja na hisia zao walijisikia vibaya. Lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kwenye kituo cha afya cha chuo mara chache kuliko walioandika mambo ya kawaida. Kwa hiyo kusema kunasaidia, ikitegemea unasemaje. Kurudia "wamenionea, wamenionea" ni kujipulizia mkaa. Kueleza kilichotokea, umejisikiaje na unaogopa nini, hapo kichwa kinapata kupanga vitu.

Na uchovu huu wa kazi si deko, msomaji. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza kwa undani zaidi kwenye orodha yake ya kimataifa ya magonjwa na hali za kiafya, likisema wazi kwamba si ugonjwa, ni hali itokanayo na msongo wa kazini wa muda mrefu ambao haukudhibitiwa. Dalili zake tatu ni kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo moyoni, na kushuka kwa ufanisi. Jihesabie mwenyewe una ngapi.

Mama naye ana yake

Jumamosi nilipanda treni ya SGR asubuhi kwenda kumwona Mama. Jamani, hii treni tangu ianze safari za Morogoro mwaka 2024 imetuokoa sisi wenye wazazi huko. Chini ya saa mbili uko naye, na jioni unarudi kulala kwako. Presha ilikuwa imeanza kushuka, dawa anakunywa, chumvi amepunguza kwa manung'uniko mengi. Nikamsimulia wiki nzima. Ya barua sikugusa, hiyo ni ya mume wangu kuisema. Mama akasikiliza, akacheka pale kwenye kava, kisha akasema:

"Mwanangu, sisi tulikuwa tunasemea kisimani. Unakwenda na ndoo yako na uchungu wako. Mpaka ndoo ijae, wenzio wameshakusikia, umerudi nyumbani umetulia. Nyie maji mmeyaingiza ndani, sasa mnasemea wapi?"

Nikakumbuka ile foleni ya Jumatatu. Kweli bwana! Dada mmoja alisimulia mwanawe aliyefeli, mwingine deni la kikoba, mama mmoja mtu mzima akatuchekesha na habari za mumewe anayeficha sukari. Mimi mwenyewe niliondoka pale nimelowa na nimechelewa, ila moyo ulikuwa mwepesi kuliko ulivyokuwa mchana wote ofisini.

Tulichokubaliana

Jumapili usiku, mtoto amelala na homa imeshuka, mimi na baba watoto tuliketi tukapanga. Kila mmoja ana nusu saa yake. Siku moja anaanza yeye, siku ya pili naanza mimi. Anayesikiliza hatoi ushauri mpaka aulizwe. Kabla ya kuanza unamwuliza mwenzio, "Una nafasi?" Na kama hana anasema, "Nipe hadi kesho," na kesho anakumbuka mwenyewe. Barua za kazini, za benki na za mwenye nyumba hazilali kwenye gari hata usiku mmoja.

Siku ya kwanza alianza yeye. Alikaa kimya dakika kumi nzima, anachezea kijiko. Nilijikaza nisimsaidie kuongea. Ya kumi na moja akasema, "Naogopa mtoto asije akaniona sina kazi." Sentensi moja tu hiyo, na nilihisi nimeambiwa zaidi ya yote niliyoambiwa katika miaka sita ya ndoa.

Hadi naandika haya kazi mpya haijapatikana. Ameshapeleka maombi sehemu nne. Ya wifi nimempigia mwenyekiti wa kamati, nimemwambia nitatoa sh 80,000 na zinazobaki nitahudumu jikoni siku ya harusi. Akanielewa, tena akanishukuru kwa kusema mapema. Mwenye nyumba tunamwendea wote wawili mwisho wa wiki, tukamwombe atupokelee ya miezi mitatu mitatu. Akikataa, tutatafuta chumba na sebule Kinyerezi na maisha yatasonga.

Wewe unayesoma hapa ukiwa kwenye mwendokasi, au kitandani na mwenzio kakupa mgongo, leo mwulize kama ana nafasi. Halafu baada ya yako, nyamaza kidogo. Huenda naye ana bahasha yake mahali. Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda, na kava lenye wapenzi ambao bado wako pamoja.