Tulihesabu Vidonge vya Mama, Moyo Hatukuuliza



Tunajua mfunguo mosi umeingia, harusi zimepangana na mabiharusi wanasubiri mitindo. Mitindo itakuja inshaallah. Leo tumeona tuyaseme ya nyumbani kwetu, na Mama mwenyewe ametupa ruhusa. Alituambia, "Yasemeni, huenda yakamfaa mtoto wa mwenzangu."

Sisi ni ndugu watatu wa tumbo moja, tuna duka la kushona nguo za harusi hapa mjini. Mkubwa anakata, wa kati anatia shanga, mdogo anapokea wateja. Kozi ya ushoni tulisoma baadaye, lakini aliyetushikisha sindano mwanzo ni Mama, barazani, kila mtu na kipande chake cha leso.

Mama ana kisukari, mwaka huu unatimia wa 11. Miaka ya mwanzo tuliizoea. Kadi ya kliniki ina mahala pake kabatini, tarehe zake tunazijua kama tunavyojua tarehe za harusi za wateja. Anapimwa sukari, anapimwa presha, anapimwa uzito, anapewa vidonge, anarudi nyumbani. Mwaka wa 8 Baba akafariki, Allah amrehemu.

Mama alikaa eda yake miezi minne na siku kumi. Eda ikaisha, watu wakaja wakala, wakaondoka, na sisi tukarudi dukani tukidhani msiba umekwisha. Kumbe Mama hakutoka. Alikuwa anaamka, anasali, anarudi kulala. Zile asubuhi za kwenda kwa jirani kunywa chai na boflo zikakatika. Wajukuu wakipiga kelele anawafukuza, na yeye hakuwa hivyo. Ukimuuliza anasema, "Nimechoka tu."

Sukari ikaanza kupanda. Leo 14, mwezi ujao 17. Kliniki wakamsema kwamba anakula ovyo. Na sisi tukamsema. Tukaficha halua, tukamkatalia chai ya sukari, tukawa tunampekua kama askari wa bandarini. Siku moja, katika kufua, tukakuta vidonge vimefungwa kwenye pindo la kanga, pale pale anapofungaga pesa zake. Vidonge vya siku nyingi. Tukagombana naye. Mmoja wetu akamwambia, "Kama hujitaki, tuambie tujue." Hatumtaji nani, kwa sababu wote watatu tulikuwa tunalifikiri neno hilo, yeye ndiye lililomtoka.

Mama alinyamaza. Akaendelea kunyamaza.

Kisha ikaja siku ya pini. Alikuja dukani kutuletea chakula, tukiwa katikati ya gauni lenye mkia mrefu, pini zimetapakaa chini. Alikanyaga moja na hakuhisi. Wenye wagonjwa wa kisukari mnajua, sukari ikikaa juu muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu ya miguu, mtu anachomwa wala hana habari. Sisi tulikuja kujua baada ya siku nyingi, kwa harufu. Kidole kimoja cha mguu kikakatwa. Alhamdulillah mguu ulibaki.

Tulilia sana, maana pini ilikuwa yetu.

Maswali mawili

Baada ya pale Mama akawa anasafishwa kidonda kwenye kituo cha afya karibu na nyumbani, na kliniki yake ya kisukari ikahamia hapo hapo. Siku moja muuguzi, dada wa makamo, alimaliza kumpima sukari, akaandika kwenye kadi, halafu akaiweka kalamu chini. Akamuuliza, "Mama, hizi wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu ya mambo uliyokuwa ukiyapenda? Na ni mara ngapi umejiona una huzuni, umekata tamaa?"

Maswali mawili tu. Hayakuchukua hata dakika moja.

Mama akamtazama. Akasema, "Mwanangu, miaka yote hii wewe ndiye wa mwanzo kuniuliza." Akaanza kulia. Akasema vidonge alikuwa akivitazama na kujiuliza anameza kwa ajili ya nani. Akasema aliona aibu, mtu mzima anayesali sala tano, asije akaambiwa imani yake ndogo. Halafu akasema neno ambalo sisi tuliokuwa tumekaa naye hatutalisahau: "Kile kidonda nilikiona siku ya pili. Nikasema, wacha."

Alikiona. Tulikuwa tunaishi naye nyumba moja, tunamhesabia vidonge, na mama yetu alikiona kidonda akasema wacha.

Yule muuguzi hakumkemea na hakumpa karatasi ya kwenda hospitali nyingine. Alimshika mkono, wakatembea hadi chumba cha tatu kwenye ukumbi ule ule, alipokuwapo mshauri nasaha. Toka siku hiyo, siku ya kliniki ya sukari ikawa ndiyo siku ya mazungumzo. Kadi moja, nauli moja, siku moja. Daktari naye akamtazama kama anahitaji dawa ya sonona pamoja na zile za kisukari, na wote watatu wakawa wanasoma kadi ile ile, mmoja anajua mwenzake kafanya nini.

Hilo la kufanyika mahala pamoja tunataka mlielewe vizuri. Lau wangemwambia aende kwa madaktari wa akili mwenyewe, asingekwenda. Kwetu ukitaja daktari wa akili, watu wanawaza Kidongo Chekundu, na wanawaza vibaya, ingawa hospitali ile haina kosa lolote na inatibu watu. Kosa ni letu na midomo yetu. Lakini kwenda kliniki ya sukari hakuna anayemcheka mtu.

Tuliyokuja kujifunza

Tulipouliza tuliambiwa kwamba watu wenye kisukari wanapata sonona takriban mara mbili ya wasiokuwa nacho. Na mambo mawili haya yanasukumana. Huzuni ikimkalia mtu, mwili unatoa homoni zinazopandisha sukari, na yeye mwenyewe hatembei, halali, hali vizuri, dawa anaziacha. Sukari nayo ikiwa juu inamchosha, inamfanya ajione mzigo. Ukitibu upande mmoja, upande wa pili unaurudisha nyuma. Ndivyo ilivyo pia kwa wenye presha, wenye virusi vya ukimwi, wenye ugonjwa wa moyo, na kila anayeambiwa kwamba dawa hizi atameza maisha.

Tumesoma pia habari za Zimbabwe. Daktari wa akili Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa wake aliyejiua, binti ambaye familia yake ilikosa nauli ya kumleta hospitali. Mwaka 2006, kule Mbare, Harare, akaanza na bibi 14 wa mtaani. Wakafundishwa kusikiliza na kumsaidia mtu apange namna ya kutatua shida moja kwanza, halafu nyingine. Wanakaa kwenye mabenchi ya mbao nje ya vituo vya afya, pale pale ambapo watu wanafuata dawa, na wengi wanaokaa nao wanaishi na virusi vya ukimwi. Utafiti uliotoka mwaka 2016 ulionyesha waliokaa na wale bibi walipata nafuu zaidi ya waliopewa huduma ya kawaida. Fikra hiyo imefika hadi Zanzibar. Washona wanauita ugonjwa huu kwa neno lenye maana ya kufikiri kupita kiasi. Sisi nasi tunasema "ana mawazo." Jina tulikuwa nalo siku zote, ila tukishalisema tunaona basi, tumemaliza.

Na msidhani haya ni mambo ya wazungu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima kuhusu maslahi ya miili na nafsi pamoja. Alieleza kwamba mwili ukiumwa nafsi nayo inaumwa, na nafsi ikiumwa mwili haupati raha, na akawalaumu matabibu wanaotibu mwili peke yake. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita!

Kuhusu imani, tuseme wazi. Nabii Yaakub, alayhi salaam, alimlilia mwanawe Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni, na Qur'ani haikusema imani yake ni ndogo. Inamtaja kwa subira njema. Mama aliposimuliwa hivyo na shoga yake wa madrasa alituuliza, "Kumbe hata yeye?" Visomo nyumbani havikukatika na hakuna aliyetuambia tuviache. Tunamsomea, na vidonge anameza, na kwa mshauri anakwenda. Ngamia tunamfunga, kisha tunamtegemea Allah.

Kwako biharusi wetu

Utasema, haya yananihusu nini, mie nataka gauni? Yanakuhusu. Ukiolewa huolewi na mume tu, unaingia kwenye nyumba yao, na katika nyumba nyingi yumo mkwe mwenye kisukari au presha, na wewe ndiye utakayekuwa unampelekea maji ya kumezea dawa. Usiishie kuuliza "umeshameza?" Kaa naye. Muulize amelala vipi, nini kilichokuwa kikimfurahisha ambacho siku hizi hakitaki. Akiacha dawa usikimbilie kusema mkaidi.

Na kama mwenye maradhi ni wewe, usifiche sindano zako chini ya mkoba siku ya kuingia nyumbani kwa mume. Wamekuja kwetu mabiharusi wa namna hiyo, tunawaona wakati wa kupima gauni. Aambiwe kabla ya nikaha. Kuficha maradhi ni mzigo wa pili juu ya maradhi.

Ukimpeleka mgonjwa wako kliniki na hakuna aliyeuliza habari za moyo wake, uliza wewe. Sema tu, "Daktari, siku hizi hana raha, halali, dawa anaziacha. Hapa kuna mtu wa kuzungumza naye?" Na mtu akikwambia hataki tena kuishi, usimwambie anakufuru. Usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Na wewe unayeuguza, nawe una moyo. Sisi tulikuwa tunalia chooni kila mmoja kwa wakati wake, tukitoka tunacheka na wateja.

Mama leo hajawa malaika. Sukari yake siku nyingi inacheza kwenye 9, siku nyingine inapanda, na zipo asubuhi anazokataa kuamka. Tofauti ni kwamba siku hizi anasema, "Leo moyo wangu mzito," na sisi tunakaa. Dukani tumetundika sumaku kubwa ya kuokotea pini, na kila magharibi kabla ya kufunga tunaipitisha sakafu nzima. Wiki iliyopita alikuja akaichukua yeye, akapitisha mwenyewe, akatuonyesha mbili tulizoziacha.

Allah awape shifaa wagonjwa wetu wote, wa miili na wa nyoyo, awarehemu waliotangulia, na awatie nguvu wanaouguza. Aamin.

Wabillahi tawfiq.