Msitu Unaoonekana Kutoka Barabarani

Majirani zangu wa Ilomba walikwisha kuchoka kuniuliza. Jumamosi alfajiri wananiona nikiitoa baiskeli ya gia uani, nikishika barabara kuu ya TANZAM hadi Uyole, kisha nikikunja kulia kuelekea Tukuyu na kuuanza mwinuko mrefu wa Uporoto. Jioni wananiona nimerudi, tope limenipanda hadi masikioni. Wako wanaodhani kwamba mhadhiri wa namna hiyo amekosa shughuli. Naomba niwaeleze hapa ninachokifuata huko, kwa sababu si mazoezi ya mwili peke yake, na kwa sababu miongoni mwenu, ndugu wasomaji, wamo watumishi wa umma wanaoingia katika misitu ile kwa gari, yaani hawaingii.

Huku kwetu mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Mei, na miteremko ya Mlima Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Udongo ni wa majivu ya volkano: ukikauka ni vumbi, ukilowa ni sabuni. Mizizi iliyokatiza njia huteleza kuliko mawe. Mwendeshaji hujifunza upesi kwamba breki ya mbele si rafiki yake, na kwamba penye tope la kufika kwenye ekseli adabu ni kushuka na kusukuma, maana tairi nalo huchimba. Mwendo huu wa polepole ndio unaomfundisha mtu kuisoma njia.

Njia ya kina mama wanaookota kuni ni nyembamba, nayo huizunguka mizizi. Njia ya warina asali hupotea kila baada ya mwaka. Njia ya mbao ni nyingine kabisa: inashuka moja kwa moja, kwa kuwa gogo linaloburutwa halipendi kona. Linaacha mfereji, mvua inaukuta mfereji tayari, na baada ya masika mawili unakuwa korongo la kufika magotini. Pembeni, chini ya madege, utaona unga wa mbao ambao bado ni mwekundu, na mabanzi yaliyotupwa. Juu yako mwanga unakuwa mwingi kuliko inavyostahili. Nakiri kwamba njia hizo ndizo tamu zaidi kwa baiskeli. Ni pana, zimenyooka, na mtu huteremka kama mwewe. Ndiyo maana kadiri njia ya msituni inavyonoga, ndivyo ninavyoitilia shaka.

Sasa rudi barabarani, utazame msitu uleule kutoka dirishani. Ni mzima. Miti imesimama bega kwa bega, ukungu umeikalia, na mgeni wa heshima hupiga picha. Wakataji si wajinga. Wanajua gari hupita wapi, na ule ukanda wa miti ya kando ya barabara wanauacha. Taarifa inayoandikwa kutokana na safari ya gari inaweza kuwa ya kweli neno kwa neno, na isiuseme msitu hata kidogo.

Wala hiki si kichaka cha kawaida. Ni katika misitu ya Rungwe ambamo watafiti, baada ya kusikia habari kwa wenyeji, walimkuta kipunji mwaka 2003, kima ambaye Wanyakyusa walikuwa na jina lake tayari. Sayansi ilimtangaza mwaka 2005, na mwaka uliofuata ikampa jenasi yake mwenyewe. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 iliwapata 1,117 tu duniani kote, wengi wao wakiwa katika misitu ya Rungwe na Livingstone, na wachache katika msitu wa Ndundulu kule Udzungwa. Iko shule ya msingi mjini yenye watoto wengi kuliko hao. Rungwe na Livingstone zimeunganishwa na shingo nyembamba ya msitu iitwayo Bujingijila, iliyokwisha kuchakazwa. Mkataji wa pale hapunguzi miti tu, anaitenga jamii nzima ya wanyama na ndugu zao. Na asiyejali kima ajali maji: Mto Kiwira unaoshuka Ziwa Nyasa huanzia katika milima hii, na upande wa pili wa Uporoto ni vyanzo vya Ruaha Mkuu, unaopita Usangu na hatimaye kuzungusha mitambo ya Mtera na Kidatu.

Katika njia mojawapo ya aina hiyo nilipishana na kijana wa umri wa wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza. Alikuwa akiteremka na Phoenix iliyofungwa mbao kwa mipira ya tyubu, breki yake ikiwa ni kandambili iliyokanyagia tairi la nyuma. Nilimpisha, mwenye mzigo hapishi.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Pole na kazi.”

Akaitazama baiskeli yangu kwa muda. “Baba, mbona haina keria? Sasa inabeba nini?”

Nikamwambia inanibeba mimi. Akacheka sana, nami sikuona kosa katika kicheko chake. Nilipouliza habari za mbao akasema si zake, yeye ni mbebaji. Mwenye mali yuko mjini.

Hapo ndipo ninapogombana na namna tunavyoitekeleza Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002. Kibali na nyundo ya kugongea mbao vina maana yake, sivipingi. Lakini kizuizi kikiwa kando ya lami, atakayekamatwa ni gurudumu la mwisho, naye ni yule kijana. Mwenye mali hajawahi kukanyaga tope lile. Sheria hiyohiyo inaruhusu vijiji kuingia mikataba ya usimamizi wa pamoja wa misitu ya serikali, ila haisemi kijiji kitapata sehemu gani ya mapato. Tunamwomba mwanakijiji alinde usiku, kwa ujira ambao haukuandikwa popote. Mfanya biashara wa mbao, yeye, hulipa palepale.

Wala tusisingizie uhaba. Mkoa wa jirani kuna Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya serikali, na misindano ya Mufindi na Njombe hupita Mbeya kila siku. Bado mteja akifika kwa fundi seremala kuagiza kitanda au mlango husema anataka mbao ngumu, wala haulizi imetoka wapi. Nimesimama katika karakana kadhaa za mitaa yetu nikiwasikiliza wateja, wengi wao wakiwa watu wa mishahara, na sijasikia hata mmoja akiomba kuona alama ya nyundo.

Kabla mvua za Novemba hazijaanza, halmashauri zinaweza kufanya mambo mawili yasiyohitaji mfadhili: kuandika asilimia ya kijiji ndani ya mkataba, na kudai kwamba kila taarifa ya doria itaje njia iliyopitwa kwa miguu, tangu ilipoingia msituni hadi ilipotokea. Kwa upande wa Uporoto naweza kuonyesha njia nne za kuanzia.