Mto niliokatazwa utotoni, nimeurudia kwa boti la mpira

Nyumbani kwetu Murang'a, Mto Tana uko karibu kiasi kwamba usiku wa mvua kubwa tulikuwa tukiusikia ukinguruma tukiwa vitandani. Hata hivyo, nilifika miaka 28 bila kuutia mguu.

Nilipokuwa darasa la tatu, mvulana wa jirani ambaye tulikuwa tukienda naye shuleni aliteremka mtoni na wenzake kuoga baada ya masomo. Alipatikana siku mbili baadaye. Kuanzia hapo mama akawa na sheria moja isiyo na mjadala: mtoni hakuendwi.

Sheria hiyo ilinirudia akilini mtoto wa kaka yangu, mwenye miaka 14, alipoomba apelekwe Sagana kuteremka mto kwa boti la mpira. Alikuwa ameona video kwenye simu ya rafikiye. Kaka alikubali shingo upande.

"Wewe ndiwe unayeandika mambo ya afya," akaniambia. "Nenda naye, umwangalie."

Sagana ni kama kilomita 100 kutoka Nairobi. Wengi tunaijua kwa samaki wa kukaanga tunaonunua tukielekea Nyeri au Kirinyaga. Jina lenyewe ni lile lile Thagana, ambalo Wakikuyu huuita mto huu tangu zamani. Nimevuka daraja lake mara nyingi mno, na kusema kweli mara nyingi nilikuwa nikitazama simu.

Tulipofika tulipewa kofia ngumu, kasia na jaketi la kuokoa maisha. Kiongozi wetu, kijana aliyekulia maeneo hayo, alivuta mikanda ya kila jaketi mwenyewe. Kisha akashika langu mabegani na kulivuta juu kwa nguvu. Kama linapanda hadi kwenye masikio, alisema, halijafungwa, limevaliwa tu.

Akauliza ni nani hajui kuogelea. Niliinua mkono nusu.

"Anti, kweli?" mtoto akanigeukia. Yeye amefunzwa kuogelea shuleni. Mimi, niliyeahidi kumwangalia, ndiye niliyekuwa mzigo.

Kabla ya kuingia kwenye maji ya kasi, boti lilipelekwa mahali penye maji matulivu na kila mtu akatakiwa kuruka majini. Nilisitasita hadi watu wa boti la pili wakaanza kunipigia makofi. Niliporuka, maji yalinifunika kichwa, nikafumba macho, na kabla sijamaliza sala jaketi likanirudisha juu. Hapo ndipo tulipofundishwa jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwa mtu yeyote kijijini: ukichukuliwa na mkondo, lala chali, miguu mbele, vidole vya miguu vikionekana juu ya maji, ili ukigonga jiwe uligonge kwa miguu na si kwa kichwa. Usijaribu kusimama kwenye maji yanayokimbia, hata yakiwa ya magotini. Mguu ukinaswa kati ya mawe, maji yatakusukuma uanguke na kukuzuia usiinuke.

Sehemu ya juu ya safari ilikuwa tulivu. Kulikuwa na mdiria kwenye matawi, migomba upande mmoja na mahindi upande mwingine. Mto ulionisumbua usingizi utotoni ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa, nao ulitubeba polepole tu.

Maji hayo hutoka kwenye misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua. Mto Thika, wenye bwawa la Ndakaini linalotoa sehemu kubwa ya maji ya mifereji ya Nairobi, huishia humo humo. Mbele kuna mabwawa ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha Garissa, Hola na Garsen, hadi Bahari Hindi. Ni safari ya takriban kilomita 1,000, na kwetu ulikuwa tu mto wa kukatazwa.

Kwenye poromoko la tatu boti liligonga mwamba, nikajikuta ndani ya maji. Nilikunywa mafunda mawili. Nililala chali, nikatafuta vidole vyangu, nikaviona. Sijui nilikaa hivyo kwa muda gani. Mtoto anasema haukufika dakika moja. Ni yeye aliyenivuta, kwa kushika jaketi mabegani kama tulivyoonyeshwa, akaegemea nyuma, nikaanguka juu yake kama gunia la viazi.

Tulipotulia, tulipita kundi la wavulana waliokuwa wakioga karibu na mawe. Hawakuwa na jaketi wala mtu mzima. Walitupungia mikono kwa furaha. Kiongozi aliwapigia kelele watoke kwani mvua ilikuwa imenyesha huko juu mlimani usiku. Walicheka. Mmoja alikuwa na kimo cha yule rafiki yangu, nami nikaangalia pembeni.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu 300,000 hivi walikufa maji duniani mwaka 2021. Kwa watoto wa miaka mitano hadi 14, kuzama ni chanzo cha tatu cha vifo. Nimeripoti mikutano mingi ya chanjo na lishe, na sikumbuki hata mmoja uliozungumzia mto. Tunawaambia watoto wasiende, nao huenda tukiwa kazini. Lakini hatuwaambii kwamba mwenzao akizama warushe kamba, tawi au mtungi mtupu uliofungwa kifuniko badala ya kumrukia, na kwamba mtu anayezama mara nyingi hapigi kelele.

Kuna pia kichocho, ugonjwa unaojulikana vyema katika mashamba ya mpunga ya Mwea, si mbali na hapo. Konokono wanaoueneza hupenda maji yaliyotulia yenye majani, kwa hiyo usimwache mtoto achezee pembezoni. Akigusa maji hayo, mpeleke apimwe baada ya wiki sita hadi nane, hata kama haumwi. Dawa ipo. Sisi wawili tarehe yetu imeandikwa kwenye kalenda ya jikoni.

Ukitaka kwenda, piga simu kwanza uulize umri unaokubaliwa na hali ya maji wiki hiyo. Ukifika uone jaketi kubwa kuliko mtoto, au hakuna anayekagua mikanda, kuleni samaki mrudi nyumbani.

Jioni tulipitia kwa mama. Aliona viatu vilivyolowa, akajua. Hakugomba. Aliweka chai, akauliza kama maji yalikuwa baridi, kisha akalitaja jina la yule mvulana, jina ambalo sikuwa nimelisikia kinywani mwake kwa miaka mingi.

Mtoto alikuwa tayari amelala chali kwenye mkeka, akinyoosha vidole vya miguu. "Hivi, Shosho. Miguu mbele."

Mama alimtazama kwa muda mrefu.

"Na hilo jaketi," akaniuliza, "linauzwa wapi?"