Mwaka Tuliojifanya Madetektivu

Wasee, kuna stori sijawahi kuwaambia. 2022 nusura mtu auawe kwa sababu yangu.

Kama ulikuwa Nakuru katikati ya mwaka huo, unakumbuka Mawanga. Wanawake waliuawa ndani ya nyumba zao, kisha nyumba inachomwa. Tulikuwa tumefanywa jiji Desemba 2021 na bado tunajipiga kifua, halafu ghafla mama zetu wanafunga milango saa kumi na mbili jioni. Jina la genge la Confirm lilikuwa kila mahali: kwa mathree, kwa kinyozi, hata kanisani. Waziri wa usalama wa wakati huo, Fred Matiang'i, alikuja, polisi wakajaa. Sisi bado hatukulala.

Nilikuwa nakaa Free Area, si mbali na Mawanga. Tulikuwa wanne, tumemaliza fomu foo, hakuna kazi, bando za kuungaunga. Tukanunua daftari. Tukachora ramani, tukaandika saa, tukaandika nani alikuwa peke yake nyumbani. Nisiwadanganye, ilikuwa tamu. Mara ya kwanza tangu mtihani uishe nilijiona mtu mwenye akili.

Shida ya daftari ni kwamba linataka kujazwa. Hatukuwa na ushahidi wowote, kwa hivyo tukaanza kuwaangalia majirani. Kwa ploti yetu kulikuwa na kijana wa chumba nambari nane. Anatoka saa tatu usiku, anarudi alfajiri, na kabla hata ya kulala anafua nguo. Kila siku! Haongei na mtu. Hajawahi kuleta mgeni. Sisi tukasema, nani hufua nguo saa kumi na moja asubuhi kama si mtu anaficha kitu?

Nikampiga picha akianika shati. Nikaituma kwa grupu ya mtaa, na maneno mawili tu: "Huyu mumchunguze."

Sikuandika muuaji. Nimejitetea na hiyo sentensi miaka mingi.

Jioni hiyo wanaume kama kumi na tano walikuja na rungu. Mmoja alikuwa na kibuyu cha petroli. Soja wetu, mzee wa miaka sitini hivi, alisimama kwa geti akauliza, "Vijana wangu, nani kati yenu amemwona kwa macho yake?" Kimya. Akauliza tena. Mimi nilikuwa juu kwa ngazi, nimeshika simu, na sikufungua mdomo. Mzee ndiye aliyewaambia kijana anafanya kazi usiku kwa beka ya mikate. Nguo alizokuwa anafua zilikuwa na unga.

Unga, manze.

Alihama kabla wiki iishe. Beseni lake liliachwa karibu na mfereji.

Baadaye washukiwa wengine walikamatwa, wakapelekwa kortini. Hakuna hata mmoja aliyekuwa kwa daftari letu.

Najua kuna mtu hapa atasema polisi wakizembea, raia wafanye nini? Nakubali swali. Oktoba 2021 Masten Wanjala, aliyeshukiwa kwa mauaji ya watoto, alitoroka kituo cha polisi cha Jogoo Road, Nairobi. Raia walimpata Bungoma wakamuua. Wengi walishangilia, na mimi nilishangilia. Lakini wazazi wa wale watoto walikosa kesi, na yale maswali yao aliondoka nayo.

Halafu angalia Mukuru Kware, Julai 2024. Vijana wa mtaa waliingia kwa lile timbo la takataka na kamba, wakatoa magunia yenye miili ya wanawake, na kituo cha polisi kiko hapo karibu. Hao walifanya upelelezi kutushinda mbali. Hawakuanza na sura ya mtu. Walianza na waliopotea. Yule mshukiwa aliyekamatwa, ambaye polisi walisema amekiri kuua wanawake 42, alitoroka kituo cha Gigiri mwezi uliofuata, kwa hivyo usiniambie eti tungoje tu serikali.

Juzi nikipanga vitu nililipata lile daftari. Kurasa sita ni za kijana wa nambari nane: saa za kutoka, rangi ya shati, hata aina ya sabuni. Wanawake waliouawa wana mstari mmoja mmoja. Wawili hata majina hatukuandika, tuliandika "wa pili" na "yule wa juzi". Nimekaa usiku mzima nikitafuta majina yao kwa habari za zamani, nikayaandika yote, na umri.

Na wewe wa nambari nane, kama unasoma hii popote ulipo: ile picha ni mimi niliipiga. Na nilikuwa kwa ngazi.